Saimi na Kengele Iliyolia Bila Maiti

Siku niliyomwona Saimi Karppanen mara ya kwanza, alikuwa amesimama ndani ya ziwa, maji yanamfika magotini. Ilikuwa Mei, barafu imevunjika juzi tu, naye alikuwa akisukuma mapande yake kwa mti mrefu. Anainama, anatazama chini, kisha anasogea mbele kidogo. Nilikuwa nimefika Haapalahti kuanza kazi ya kuchimba makaburi ya usharika. Si tabia yangu kusemesha watu nisiowajua, lakini niliona atajiua kwa baridi.

"Umepoteza kitu, mama?"

"Mume," akasema bila kugeuka. "Kama una mikono, chukua ule mti mwingine. Kama huna, pita."

Nikachukua mti. Hatukupata chochote siku ile ila chupa na kiatu cha mpira cha mtoto. Baadaye alinipa kahawa na maandazi ya iliki jikoni kwake, akaniambia yeye ndiye mtunza kanisa, kwa hiyo tutaonana kila siku, na hapendi kuitwa mama na mtu mwenye mvi. Tangu hapo nikamwita Saimi. Yeye aliniita Ilpo, au "bwana maneno mengi" akitaka kunitania, maana niliweza kumaliza asubuhi nzima bila kufungua mdomo.

Mumewe, Veikko, alitoka siku moja ya Machi kwenda kuvua samaki juu ya barafu. Pikipiki yake ya theluji ilikutwa imeegeshwa vizuri, thermosi ya kahawa juu ya kiti, tundu la kuvulia limetobolewa bila kasoro. Yeye mwenyewe hakuwepo. Wapiga mbizi walitafuta mpaka wakachoka. Baadaye mahakama ikatangaza kwamba amekufa, na mchungaji wa wakati ule akaenda kumwuliza Saimi wampigie lini kengele ya roho.

Kwetu mtu akifa, asubuhi inayofuata, saa nne, kengele ndogo hulia peke yake, polepole. Anayeisikia huacha alichoshika, husimama mpaka imalizike, kisha humpigia simu mtunza kanisa na kuuliza, "Kafa nani?" Saimi alizijibu simu hizo miaka yote ya kazi yake. Lakini kengele ya Veikko aliikataa.

"Ziwa limrudishe kwanza," alimwambia mchungaji. "Mimi sipigii thermosi kengele."

Basi haikupigwa. Wala jina lake halikusomwa siku ya Watakatifu Wote, tunapowataja waliokufa mwaka ule na kuwasha mshumaa kwa kila mmoja. Kila barafu ilipovunjika Saimi aliingia majini na mti wake, na watu wa kijiji walipita barabarani wakiangalia upande mwingine. Nyumbani kwake vikombe viwili vya kahawa vilikaa mezani siku zote, kimoja kimefunikwa kisahani. Hakusema kwamba yu hai, na hakusema kwamba amekufa. Alisema, "Hajarudi," kama mtu aliyechelewa dukani.

Kengele yetu haikuvutwa kwa mkono. Kamba ilikatwa zamani. Katika kabati la sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, palikuwa na kompyuta kuukuu isiyo na kibodi, skrini ndogo tu. Waya ulitoka humo ukaingia kwenye kisanduku cha ukutani, na kutoka kwenye kisanduku ukapanda mnarani hadi kwenye nyundo. Saa za kupigwa zilipangwa ofisini.

Mwaka ninaousimulia, wiki ile ile ya Watakatifu Wote, ilianguka theluji nzito ya maji. Miti iliangukia nyaya, umeme ukakatika kijiji kizima. Uliporudi asubuhi, Saimi alinifuata makaburini.

"Njoo unishikie tochi, bwana maneno mengi. Mashine imeshikwa na kigugumizi."

Sakristia ilinuka mishumaa na sufu iliyolowa. Kwenye skrini palikuwa na maandishi meupe juu ya weusi: mashine inakagua diski yake. Namba zilipanda mpaka karibu robo tatu, zikasimama. Ndani ya kabati kitu kiligonga kidogo, kikanyamaza, kikagonga tena. Tulikunywa kahawa, tukarudi. Namba ile ile. Saimi akachomoa waya wa umeme, akauchomeka. Ukaguzi ukaanza upya, ukafika pale pale, ukasimama.

"Labda haijakwama," nikasema. "Labda inafikiri."

"Veikko naye alikuwa mtu wa kufikiri. Lakini yeye alisikika akipumua."

Hapo ndipo kengele ilipolia juu yetu. Si ile kubwa ya ibada. Ile ndogo. Mlio mmoja, kimya kirefu, mlio mwingine. Tuliinua nyuso sote wawili, kisha tukaitazama skrini. Namba haikusogea.

Nilipanda mnarani na tochi. Upepo ulikuwa umepuliza theluji kupitia nafasi za mbao, ngazi zote zilikuwa nyeupe, na hapakuwa na alama ya kiatu ila zangu. Juu, kengele ilikuwa bado inatetemeka. Umande ulioganda juu yake ulikuwa umedondoka pande zote ukaacha duara sakafuni. Sikukaa. Niliposhuka, simu ya Saimi ilikuwa tayari inaita.

"Kafa nani?" Nilimsikia Taisto, anayetunza nyumba za kupanga karibu na duka. Sauti yake haihitaji simu.

"Hakuna mtu."

"Hakuna vipi? Kengele imelia."

"Nimeisikia, Taisto. Mashine mbovu."

"Mimi nimeshapandisha bendera nusu mlingoti!"

"Kwa ajili ya nani?"

"Nilikuwa nangoja uniambie!"

Simu zikafuatana. Kutoka nyumba ya wazee walisema Lempi Heikura, aliyepita miaka tisini, ameisikia, na kwa kuwa hakuna aliyemtajia jina ameamua ni yake. Amejivika gauni jeusi, amelala juu ya shuka mikono kifuani, na hataki chakula cha mchana. "Mwambieni ale," Saimi akasema. "Mwambieni nimesema mimi kwamba si yake." Alikuwa hajawahi kuulizwa swali lile akakosa jibu.

Ili isilie tena, mimi mwenyewe nilichomoa waya uliotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kisanduku. Niliukunja, nikauweka juu ya kabati.

Kesho yake mchungaji Riikka alikuja. Ni mwanamke kijana, mwenye haraka lakini mwema.

"Saimi, Jumamosi tunasoma majina. Watu wa marehemu watakuwepo. Siwezi kuwa na kengele inayojilia yenyewe, wala siwezi kukosa kengele."

"Najua."

"Mpigie fundi wa mashine kule mjini Kajaani."

"Nimempigia. Hawezi kufika kabla ya wiki ijayo. Atatuelekeza kwa simu."

Mchungaji alipoondoka, fundi akapiga. Saimi aliweka simu mezani ili nami nisikie.

"Mmeichomoa mara ngapi?" fundi akauliza.

"Kila ilipokwama."

"Msiichomoe tena. Mkiikata katikati ya ukaguzi mnaiumiza diski. Na hiyo kengele, mna hakika ililia wakati ukaguzi uko kwenye skrini?"

"Tulikuwa tumesimama mbele yake."

"Wakati wa ukaguzi programu ya kengele haijawaka kabisa. Mashine haiwezi kupiga kitu. Labda kile kisanduku kina kumbukumbu yake, sijui. Haya, leteni kibodi yoyote mchomeke, mbonyeze kitufe kikubwa cha kuingiza. Mara nyingi watu huniambia imekwama, kumbe inauliza kitu na hakuna wa kuijibu."

Nikaleta kibodi ya ofisini. Saimi akabonyeza. Maandishi yakapanda juu mstari mmoja, na chini yake ukatokea mstari ambao skrini ndogo ilikuwa haiuonyeshi. Aliusoma kwa sauti. Saa ya mashine inasema leo ni tarehe mosi Januari, na akautaja mwaka. Diski inasema ilitumika mara ya mwisho miaka mingi baada ya leo. Je, iamini diski na kuendelea? Ndiyo au hapana.

"Ah," fundi akasema. "Betri ndogo ya ndani imekufa. Umeme ukikatika, mashine inarudi mwaka iliotengenezwa. Inakuta diski ina maandishi ya siku ambazo hazijafika, inaingiwa na wasiwasi. Bonyeza ndiyo, itamaliza yenyewe. Nikija nitaweka betri mpya." Akaaga.

Saimi hakubonyeza. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kabati, mikono mapajani. Mimi nilibaki mlangoni. Ndani ya mashine kile kitu kiligonga, kikanyamaza.

"Mwaka huo ndio tulijenga sauna mpya," akasema. "Humu ndani, Ilpo, Veikko yupo nyumbani. Anakula viazi, ananung'unika chumvi haitoshi."

Akaigusa skrini kwa kidole.

"Nimeichomoa wee, nikaichomeka. Kila mara nilikuwa namrudisha. Sikujua."

"Unaweza kuiacha hivyo," nikasema. "Tutamwambia mchungaji imeharibika."

"Na Lempi? Abaki amelala na gauni jeusi? Kijiji kizima kimesimama jikoni, hakijui kinamlilia nani." Akausogeza mkono kwenye kibodi, akaurudisha. "Mtu anaitika ndiyo, basi. Ni kitufe tu. Mtoto angebonyeza."

Kengele ikalia.

Niliutazama waya. Ulikuwa juu ya kabati, umekunjwa kama nilivyouacha, ncha zote mbili wazi. Mlio mwingine ukashuka kupitia mbao, polepole kuliko jana, na katikati ya mlio na mlio niliisikia pumzi ya Saimi. Hakuinua uso. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza hatua ukumbini na kuzijua. Ilipokoma, theluji ilidondoka kutoka paa la kanisa kwa kishindo kimoja, na simu ikaanza kuita mezani.

Aliiacha iite. Kisha akaichukua.

"Kafa nani?" Alikuwa Taisto tena.

Saimi akafumba macho.

"Veikko," akasema. "Veikko wangu."

Sijawahi kumsikia Taisto akishusha sauti hivyo. "Pole sana, Saimi," akasema chini kabisa. "Basi bendera iko mahali pake."

"Iko mahali pake. Nawe piga nyumba ya wazee, umwambie Lempi jina. Mwambie akale."

Akaweka simu, akabonyeza ndiyo. Namba ziliondoka pale zilipokuwa zimesimama, zikapanda mpaka mwisho, skrini ikawa nyeusi, kisha ikatokea picha ya kawaida ya ratiba ya kengele, na kile kilichokuwa kikigonga ndani kikanyamaza. Niliuchomeka waya tena kwenye kisanduku.

Jumamosi mchungaji alisoma majina, la Veikko likiwa la mwisho. Saimi aliwasha mshumaa mwenyewe. Kengele ililia ilipotakiwa kulia, si zaidi. Nyuma ya kanisa Lempi Heikura alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu na lile gauni jeusi, anatafuna peremende.

Fundi alikuja, akaweka betri, akakifungua kisanduku cha ukutani, akakikagua ndani na nje, asione kumbukumbu yoyote humo. Nilimwonyesha waya niliokuwa nimeuchomoa na nikamweleza ni lini. Aliutazama, akanitazama mimi. Akasema kwamba bila shaka nilikosea siku. Nikachukua koleo, nikarudi makaburini.

Februari Saimi aliacha kazi, akauza nyumba, akaenda Oulu kwa dada yake. Vikombe alivigawa. Mimi ndiye niliyembebea masanduku mpaka kituo cha basi, tukasimama tukisikia theluji ikilia chini ya viatu vya watu. Dereva aliposhuka kufungua buti, Saimi alinikabidhi ufunguo wa sakristia, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia, akasema, "Ikilia tena na hakuna aliyekufa, Ilpo, usikimbilie mashine. Vua kofia kwanza."