Macho ya Bibi wa Ukoo wa Nyuki

Wasomaji wa Tabora hawana tatizo na uchawi. Tatizo lao ni njia za bajaji.

Nilipotoa riwaya yangu kuhusu koo mbili za wachawi zinazogombania mji huu, nilijiandaa kutetea mtindo na falsafa. Mimi si mtu wa kubahatisha. Nina stashahada ya ukutubi niliyoisotea Dar es Salaam, mchana nikiuza chaja za simu, jioni darasani, bila mjomba wa kunishika mkono. Nikarudi nyumbani, nikafungua duka la vitabu karibu na soko, nikaandika kitabu. Mnawajua wangapi waliofanya yote hayo? Basi. Msomaji wangu wa kwanza, dereva wa bajaji, alikuja dukani amekunja uso.

"Braza, ukurasa wa kumi na mbili yule mchawi anatoka stesheni na bajaji, anakata kushoto kwenda sokoni."

"Ndiyo."

"Kushoto kuna mtaro."

"Ni mchawi. Anaruka."

"Yeye sawa. Bajaji je?"

Kwa ambao hamjakisoma, na hasara ni yenu, ukoo wa kwanza ni wa msafara. Mababu zao walibeba mizigo kutoka pwani kwa miguu, wakachoka, wakajifunza kuikunja barabara kama mkeka. Ukoo wa pili ni wa nyuki. Wao wanatuma nyuki kama watu wengine wanavyotuma ujumbe wa simu, na kiongozi wao ni bibi anayezungumza na mizinga. Nilimpa sentensi nzuri kuliko zote kitabuni: "Macho yake yalikuwa mekundu kama makaa yaliyokataa kuzimika." Mhariri mmoja alinishauri niiondoe. Nikamwondoa yeye.

Maoni yakaanza kumiminika. Mzee wa duka la nguo, ambaye ukoo wake ulitoka Omani enzi hizohizo za misafara, alinisimamisha njiani. "Mwanangu, hao wachawi wako wamepita Tabora nzima, hawakununua hata doti moja kwa babu yangu? Walipita uchi?" Kondakta wa basi akanipigia simu kutoka Igunga. Alitaka kujua: kama wanaweza kuikunja barabara, mbona sura ya sita wanapanda basi? Nilimjibu kwamba walikuwa wamechoka. Akasema sawa, lakini basi lililochelewa saa mbili lisiwe la rangi ya basi lake.

Na yupo bwana ambaye sijawahi kumwona, aliyenitumia ujumbe wa sauti. Alisema kitabu ni kizuri, lakini dawa ya mapenzi ya ukurasa wa themanini na nne nimeificha kipimo. Ile dawa nilitunga nikiwa nakula mihogo: majani ya mninga, maji ya mvua ya kwanza, na laini ya simu iliyochomwa. "Nimejaribu na laini mbili, mwalimu," alisema kwa unyonge. "Bado hajapokea simu zangu."

Hayo yote niliyacheka. Halafu akanipigia simu shangazi yangu wa Ipole.

Shangazi huyu ndiye aliyenilea. Amefuga nyuki tangu sijazaliwa. Moshi wa kufukizia mizinga, moshi wa bani la kukaushia tumbaku, moshi wa mafiga, wote umepita machoni mwake, na macho yake ni mekundu. Nilipokuwa naandika sikumfikiria. Au labda nilimfikiria sana, hata nikamwandika bila kujijua. Kwa vyovyote, mtu mwenye stashahada alipaswa kukumbuka alikozaliwa. Huku kwetu, "bibi mwenye macho mekundu" si maelezo ya mhusika. Ni mashtaka. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho ya namna hiyo.

"Baba," alisema, maana nilirithi jina la baba yake, "kitabu chako kimefika huku."

"Wamekipenda?" Ndiyo, hilo ndilo lililonitoka.

"Wanakisoma kwenye kikundi cha nyuki. Tangu wamalize, hakuna aliyekuja kuomba moto kwangu. Na zamu yangu ya kwenda porini wamempa mwingine."

"Nani anakusema, shangazi?"

"Hakuna anayesema. Hapo ndipo penye ubaya."

Kesho yake nilipanda basi la asubuhi. Njia nzima nilitunga hotuba. Ilikuwa hotuba safi, yenye utangulizi.

Kikundi kilikuwa kimekaa kwenye banda la kuchujia asali, watu kama kumi na wawili, na nakala nne za kitabu changu zilizochakaa kwa mikono yenye nta. Hata wakati ule, nakiri, nilifurahi kuziona zimechakaa. Shangazi alikaa nyuma, juu ya debe lililogeuzwa, upande wa khanga umeshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa anatazama sakafu.

Nikasimama. Nikaeleza kwamba fasihi ni sanaa, kwamba mhusika ni kiumbe cha kubuni, kwamba mtunzi hana nia ya kumgusa mtu yeyote aliye hai. Walinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Mwenyekiti, mzee mwenye ndevu nyeupe tupu, akainua mkono.

"Msomi, mzinga wa gome uliouandika, unatengenezwa hivyo kweli?"

"Kweli, mzee."

"Na nyuki wakichokozwa wanamfuata mtu hadi ndani ya nyumba. Kweli?"

"Kweli."

"Stesheni ya Tabora ipo?"

"Ipo."

"Sasa nisaidie mimi nisiyesoma sana. Uongo unaanzia ukurasa wa ngapi?"

Nilisoma miaka mitatu. Swali hilo halikuwemo.

Nikamtazama shangazi. Mwanamke aliyenifundisha kumtazama mtu usoni wakati wa kusalimia alikuwa hathubutu kuinua kichwa mbele ya watu aliorina nao asali maisha yake yote. Hotuba ikanikauka. Nikatoa kalamu.

"Leteni nakala zote. Hayo macho nayafuta. Semeni wenyewe yawe ya rangi gani."

Banda likachangamka. Inaonekana hakuna aliyewahi kuwauliza.

"Yawe ya kijani," alisema kijana mmoja.

"Kama ya paka? Mke wa mwalimu ana paka watatu. Unataka naye aitwe mchawi?"

"Basi meupe."

"Meupe ni ya kipofu. Mama yangu haoni, unajua wazi."

"Jicho moja!"

Bwana mmoja aliyekaa mlangoni, mwenye jicho moja, akakohoa. Aliyesema akainua macho kutazama dari.

"Asiwe na macho kabisa."

"Mizinga ataionaje, we mjinga?"

Ikawa hivyo kwa muda mrefu. Kila jicho tulilolitaja lilikuwa na mwenyewe kijijini, au lilikuwa la mama wa mtu. Mwishowe sauti ikatoka nyuma, ya chini, yenye mkwaruzo wa moshi.

"Mvalisheni miwani," alisema shangazi.

Watu, mmoja mmoja, wakanigeukia. Katika banda zima miwani ilikuwa moja tu, na ilikuwa juu ya pua yangu.

"Miwani ni nzuri," alisema mwenyekiti taratibu. "Na asiwe bibi. Awe bwana."

"Aliyesoma mjini," akaongeza wa mlangoni.

"Akarudi," mama mmoja akamalizia, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Shangazi naye alicheka. Alipocheka aliinua kichwa, na hakuna aliyegeuza uso.

Nikaandika. Kila bibi nikamfanya bwana, ukurasa kwa ukurasa, nakala nne, hadi vidole vikafa ganzi. Sentensi yangu nzuri kuliko zote niliipiga mstari mara nne kwa mkono wangu, na juu yake nikaandika walivyoamua: "Macho yake hayakuonekana vizuri, kwa kuwa alivaa miwani, na alikuwa ametoka mjini." Koma ni zangu. Hizo sikumwachia mtu.

Jioni ile jirani alikuja na kigae kuomba moto kwa shangazi. Alikaa hadi chai ikaisha, na wakapanga siku ya kwenda porini. Mimi walinipitia pembeni kama watu wanaopita karibu na mzinga.

Asubuhi nikaenda kungoja basi. Mwenyekiti alikuwa anakuja upande wangu na baiskeli. Ni mkubwa kuliko marehemu baba yangu. Aliponikaribia alishuka, akavua kofia, akainamisha kichwa asiitazame miwani yangu.

"Shikamoo," alisema.

Niligeuka nyuma kuona anamsalimia nani. Hapakuwa na mtu.

"Marahaba," nikaitikia.