Pétronille na Mahali pa Mvua

Pétronille Musoki ana miaka hamsini na mbili. Anauza maharagi yanayotoka Gety katika soko kubwa la Bunia, na meza yake inagusana na yangu ya bunga ya muhogo. Kwa hiyo haya ninayoandika sikuambiwa na mutu: mengine niliyaona, mengine nilimukamua siku ambazo wateja hawakuja. Ni mufupi, kiuno kipana, na akiinua gunia hatoi sauti. Ukimuona hapo utasema ni mama kama siye wote. Lakini jumatano na jumamosi, akisha kufunika maharagi yake, anaenda kwenye uwanja nyuma ya kanisa, anajifunga kitenge juu ya suruali, na kufundisha kungfu mabinti kumi na wanne. Wengi wao ni watoto wa watu waliokimbia vita huko Djugu.

Nani alimufundisha yeye? Hakuna mutu. Baba yake, muzee Mbusa, alitoka Butembo na mashine ya kaseti na jenereta, akafungua nyumba ya video hapa Bunia, bati juu, bati pembeni, mabenchi sita. Pétronille alikuwa na miaka kumi na minne. Kazi yake ilikuwa kufagia, kufukuza waliochungulia katika matundu ya bati, na kurudisha kaseti mwanzo. Kati ya kaseti zile kulikuwa na moja ya Wachina iliyobanduka karatasi yake, hakuna aliyejua jina lake. Karibu na mwisho, muzee mwenye upara anatoka peke yake katika ua wenye ukungu, anacheza muchezo murefu wa mikono na miguu. Hapigani na mutu. Hakuna anayesema neno. Watazamaji walitumia nafasi hiyo kwenda kukojoa. Pétronille alibaki na ufagio wake, akamufuata yule muzee, mukono kwa mukono, mwaka muzima.

Kulikuwa na shida moja tu. Siku moja mashine ilitafuna kaseti. Muzee Mbusa alikata kwa wembe, akaunga kwa skochi, ule utepe wa gundi. Tangu pale, muzee wa upara aliinua mikono miwili juu, picha ikajaa chembechembe nyeupe kama mvua, na mvua ilipoisha alikuwa tayari amepiga goti, ameelekea ukutani. Alifikaje pale? Hakuna ajuaye. Pétronille aliziba tundu kwa namna yake: mikono juu, macho yamefungwa, anavuta pumzi mara ine, halafu ndipo anashuka. Hivyo ndivyo alivyowafundisha mabinti. Wenyewe wanapaita mahali pa mvua, na nasema kweli, ukiwaona kumi na wanne wamesimama vile jioni, mikono juu, hakuna anayepepesa, hata mutu mwenye mudomo kama wangu ananyamaza.

Basi vijana wa klabu ya karate, wale wenye mikanda ya kununua, wakaanza kuwacheka.

"Nyinyi munacheza sinema! Kungfu ya mama maharagi!"

Mabinti walivumilia. Lakini Rébecca, mukubwa wao, musichana wa miaka kumi na sita asiyezunguka na maneno, alimusimamia mwalimu wake usoni.

"Mwalimu, ya kwetu iko ya kweli?"

"Iko ya kweli. Inapungukiwa kipande kimoja tu."

"Na kile kipande, nani iko nacho?"

Wiki ile nilimuona Pétronille akipima maharagi na kusahau kopo hewani.

Sasa, siye wawili tuko katika kikundi cha nyimbo na ngoma cha mutaa wetu, na mwaka ule kikundi kilialikwa safari ya utamaduni kule China, watu kumi na wawili. Floribert, kiongozi wetu, mwalimu wa shule mwenye kupenda karatasi, alitusomea programu: makumbusho, muziki wa zamani, mashamba ya chai, kuandika kwa brashi. Chini kabisa: kwa mwenye kupenda, siku tano za kungfu katika shule ya mulimani.

"Andika jina yangu," Pétronille akasema.

"Mama, ile ni ya vijana."

"Ku karatasi bameandika vijana?"

"Hapana. Bameandika mwenye kupenda."

"Basi mimi napenda."

Nilijiandikisha na mimi. Si kwa kupenda. Lazima awepo mutu wa kumuokota.

Siku ya kuondoka, mabinti wote kumi na wanne walikuja kwenye gari. Hawakuomba zawadi, hata pipi. Rébecca alisema tu, "Ulete kipande," akarudi nyuma.

Tulipita Mahagi, tukavuka Uganda, tukapanda ndege moja, halafu ingine, na kati ya hizo mbili nilipoteza siku nzima, sijui iliangukia wapi. Tuliamshwa kula asubuhi wakati mwili ulisema ni usiku. Tuliona nyumba ndefu ambazo vichwa vyake vilikuwa ndani ya mawingu, mito isiyokuwa na kelele, wanawake wazee wakicheza ngoma katika uwanja wa muji, polepole, kama watu wanaotembea chini ya maji. Niliwaza: labda nimelala Entebbe, bado wataniamsha. Kikundi chetu kiliimba katika jumba kubwa, watu wakapiga mikono, na hata hiyo naikumbuka kama kitu nilichosimuliwa. Pétronille aliimba sauti ya chini vizuri kuliko siku zote, lakini macho yake yalikuwa dirishani, kwenye milima.

Wenzetu walienda kwenye chai. Siye wawili tulipanda mulima. Ngazi za mawe, nilizihesabu hadi mia tatu, nikaacha kwa hasira. Juu kulikuwa na ua wa mawe, miti ya misonobari, na wingu lililoingia kwa mulango na kutokea dirishani kama mutu wa nyumba. Mwalimu alikuwa muzee Liu, mwembamba, sweta ya kahawia, termosi ya chai mukononi saa zote. Hakufanana na muzee wa kaseti hata kidogo. Alifanana na fundi wa saa. Mutafsiri wetu, musichana Lan, alisoma Kifaransa, na Kifaransa cha Pétronille kinatosha kwa kuuza na kwa kugombana.

Siku ya kwanza tulifundishwa kusimama. Kusimama tu! Miguu mbali, magoti yamepinda, kama mutu aliyepanda farasi. Mbele yetu walikuwa watoto wa miaka sita, wametulia kama mitungi. Nilifika hesabu ya makumi mbili, nikakaa chini mbele ya watoto wa watu. Siku ya pili, kusimama. Siku ya tatu, kusimama, na mimi nimeketi pembeni nikinywa chai. Pétronille alisimama, lakini sikuona kama alikuwa pale. Macho yake yalimufuata muzee Liu kila alipopita. Jioni ya tatu akamushika Lan kwa kiwiko.

"Mademoiselle, mwambie mwalimu, niko na kitu nataka kumuonyesha. Ni kirefu. Kinapungukiwa kipande. Aniambie tu kipande ni nini."

Muzee Liu alikubali kwa kichwa: asubuhi, kabla ya watoto.

Asubuhi ya ine ukungu ulikuwa mwingi hadi mawe ya ua hayakuonekana. Pétronille alivua viatu. Akaanza.

Nimemuona akifanya muchezo ule mara mia, na kila mara niliona mama Pétronille akifanya muchezo. Siku ile sikumuona mama Pétronille. Mukono ulitoka ndani ya ukungu, ukaingia. Muguu ukapanda, ukazama. Hakuna sauti, hata ya pumzi. Nilisikia tone moja la maji likianguka toka kwenye mti, na nilingoja la pili kwa muda murefu. Alifika mahali pa mvua. Mikono juu, macho yamefungwa. Wingu likapita chini yake, likamukata kiuno, ikabaki kifua na mikono vinaelea. Nikahesabu pumzi: moja, mbili, tatu, ine. Hakushuka. Tano. Sita. Nilifikiri sasa kile kipande kitamujia chenyewe, kitashuka toka juu, kwani mahali pale panaweza kutokea kitu chochote. Saba. Halafu akapiga goti, akaelekea ukutani, akamaliza.

Muzee Liu aliweka termosi chini. Aliuliza nani alimufundisha. Pétronille akaeleza: baba, mashine, kaseti, wembe, skochi. Lan alitafsiri polepole. Muzee akaomba arudie mwanzo, halafu katikati, halafu mwisho. Akafikiri. Akaongea kwa sauti ya mutu anayepima dawa, na Lan akatugeuzia.

"Anasema mikono ni ya shule moja ya kusini. Miguu ni ya kaskazini. Ule mukunjo wa mugongo ni wa michezo ya jukwaani, ya waimbaji. Hakuna shule yenye muchezo huu. Watu wa sinema walichota hapa na pale, ili ipendeze macho."

"Na kipande?" Pétronille akauliza.

"Anasema hakuna kipande kilichopotea, mama. Hata ungeona kaseti nzima."

"Kwa hiyo ni bongo."

Lan akauliza, muzee akajibu.

"Anasema si uongo. Ni sinema."

"Vijana wa karate balisema vile vile," Pétronille akasema kwa Kiswahili, na hilo halikutafsiriwa.

Nilimukuta kwenye ngazi, viatu mukononi. Chini yetu bonde lote lilijaa pamba nyeupe, ungesema dunia imekwisha pale kwenye ngazi ya kumi.

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Masikio ningali nayo."

"Miaka makumi tatu na nane, mama Abigaël."

"Basi rudi useme iko ya kweli. Nani wa Bunia atapanda hizi ngazi zote kuja kuhakikisha?"

"Weye unaweza?"

"Mimi? Bila jasho."

"Na bunga yako, unachanganyaka na ya zamani?"

"Mara moja tu! Na ulikuwa mwaka mubaya!"

Akacheka, halafu kicheko kikageuka, nikatazama upande wa pili kwa heshima. Alipopangusa uso alisema, "Ile mutoto aliniuliza ku macho. Si angeuliza nyuma, ningedanganya. Aliniuliza ku macho." Akaviweka viatu kwenye ngazi. "Nikimwambia, bataenda. Bataenda wote. Wale batoto hawana kitu kingine chenye ni chao."



Asubuhi ya tano kitanda chake kilikuwa kitupu. Niliogopa, nikashuka bila kitambaa kichwani. Alikuwa uani, katika mustari wa watoto wa miaka sita, mwishoni, kama mugomba wa ndizi katika shamba la maharagi. Amesimama kama mupanda farasi. Muzee Liu alipita na termosi yake, akamushusha bega kwa vidole viwili, akamusogeza muguu kwa ncha ya kiatu, akaendelea kwa mutoto mwingine. Hakumupa jicho la pekee. Siku ile nzima Pétronille alijifunza mambo mawili: kusimama, na ngumi moja. Jioni nilimuuliza kwa nini hakuomba mengine, tunaondoka kesho.

"Nimebeba kirefu chenye matundu maisha yangu yote," akasema. "Acha nibebe kifupi."

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, mvua ilikuwa imetoka kunyesha Bunia na mvuke ulipanda toka kwenye udongo mwekundu. Mabinti walikuwa tayari, kumi na wanne, wamefua nguo. Vijana wa karate nao walikuwa wameegemea ukuta. Habari ya safari ilifika kabla yetu. Nilitaka kuwafukuza kwa jiwe. Pétronille akanizuia.

"Wacha basikie."

Alisimama mbele ya mabinti, mikono imening'inia.

"Ule muchezo wetu ni wa sinema," akasema. "Hakuna shule yake kule. Hakuna kipande. Pale pa mvua nilipatunga mimi, ju ya kaseti iliharibika. Sikujua. Sasa najua, na nyinyi mujue. Munisamehe."

"Si tulisema!" kijana mumoja akapiga kelele ukutani, wengine wakapiga miluzi.

Mabinti walitazamana. Binti mumoja aliokota viatu vyake akaenda, bila kuaga. Wa pili akamufuata. Wa tatu akafika kwenye kona ya kanisa, akasimama pale, mugongo kwetu. Pétronille hakumuita mutu. Uso wake ulikuwa kama wa mutu anayetazama nyumba yake inabebwa na maji, bati kwa bati.

Rébecca alikuwa hajatikisika.

"Na ya kweli, umeleta?"

"Kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Kusimama. Na ngumi moja."

"Siku tano, mwalimu, kusimama na ngumi moja?"

"Siku moja. Ine nilizipoteza nikitafuta mvua."

Binti mumoja akacheka, akafunika mudomo. Wengine wakamufuata, na kicheko hakikuwa kibaya. Yule wa kwenye kona aligeuza kichwa.

"Tuonyeshe basi," Rébecca akasema.

Pétronille hakubaki mbele. Alitembea hadi katikati ya mustari, akawasukuma wawili kidogo kwa makalio yake mapana, akasimama kati yao, miguu mbali, magoti yamepinda, ameelekea walikoelekea wote. Mabinti wakamuiga. Mvuke ukapanda hadi kwenye magoti yao. Vijana walingoja kitu cha kucheka, na hakuna kilichotokea, watu wamesimama tu; mumoja akapiga miayo, wakaanza kuondoka.

"Kisigino kisiinuke," Pétronille akasema, bila kugeuka. "Hata changu. Mukiona kinainuka, museme."

Muda ukapita, murefu.

"Mwalimu," Rébecca akasema, "cha kuume kinainuka."

Akakishusha.