Insha Yangu ya Mashairi Imepigwa Mstari Mwekundu

Jamani, nina hasira hadi chai haipiti.

Siku tatu nzima nimepanga insha ya kulinganisha mashairi mawili ya maombolezo. Ukurasa huu shairi la kwanza, ukurasa ule la pili.

Leo madam kapiga mstari kote. "Hizi ni insha mbili. Ulinganisho uko wapi?"

Mbele ya darasa zima!

Nikaenda sokoni kwa mama, anakouza dagaa wa Ikola, wale wa Ziwa Tanganyika. Nikamsomea mashairi yote mawili huku nanung'unika.

Akasema, "Huyu wa shairi la kwanza anamlilia mume aliyekufa. Yule anamlilia mume aliyemkimbia, na yuko hai. Sasa nani ana uchungu zaidi?"

Mimi siku tatu sikuuona ulinganisho, yeye kauona huku anapima dagaa tu!

Naanza upya, na madam kanipa hadi kesho asubuhi.

Nyie mngemjibuje mama?