Ushuru wa Nyumba ya Watu Wawili

Asubuhi ya kwenda kusaini, dada yangu mkubwa alikaanga sambusa. Nilimwambia tunakwenda kwa wakili, si kwenye kipaimara. Akanijibu kwamba mtu haendi mikono mitupu kwa anayemkabidhi nyumba, akafunika bakuli kwa kitambaa na kuliweka mapajani mwangu ndani ya gari. Basi nilikwenda kuwa mwenye nyumba nikinuka vitunguu.

Nyumba yenyewe ilikuwa Oxon Hill, jimbo la Maryland, ya matofali, imebanwa na za majirani kushoto na kulia, na ngazi zake zililalamika kila ulipopanda. Dada alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, zamu mbili mfululizo. Mimi nilipokea magari ya wageni kwenye hoteli moja mjini. Hakuna benki ambayo ingemsikiliza mmoja wetu peke yake. Tukaungana, nusu kwa nusu, na mama kule Moshi alikuwa amekwisha kutangaza kanisani kwamba wanawe wana nyumba Marekani.

Mezani kwa wakili tukaelezwa habari ya ushuru. Ukinunua nyumba Maryland, serikali inataka chake kabla jina lako halijaandikwa kwenye hati. Anayenunua kwa mara ya kwanza husamehewa sehemu, na sisi mahesabu yetu yote tuliyaegemeza kwenye msamaha huo. Msaidizi wa wakili, mama mpole aliyekwisha kula sambusa mbili, akauliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: kuna kati yenu aliyewahi kumiliki nyumba ya kuishi katika jimbo hili?

Dada akasema hapana. Mimi nikaanza kukunja kitambaa cha bakuli.

Miaka michache nyuma, Mkenya mmoja tuliyesali naye alitaka kununua nyumba huko huko Maryland, na kipato chake hakikutosha. Akaniomba nimwazime jina langu, liwe kwenye mkopo na kwenye hati. Siku zile jina safi mbele ya benki ndiyo mali pekee tuliyokuwa nayo wengi wetu, na tuliazimana kama chumvi. Ukikataa, Jumapili inayofuata kanisa zima linajua una roho mbaya. Nikasaini, na karatasi zikaandikwa kwamba humo ndimo ninamoishi. Katika nyumba ile sikuwahi kulala hata usiku mmoja. Shukrani yangu ilikuwa sahani ya pilau, nayo ilikuwa na mchanga.

"Ninayo," nikamwambia yule mama.

Dada akanigeukia. "Una nyumba? Wewe?"

Nikamweleza. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Msamaha ulikuwa wa wote au si wa yeyote. Kwa sababu yangu tulitakiwa kulipa ushuru kamili. Fedha hiyo hatukuwa nayo, na muuzaji hakutaka kungoja. Wakili akasema iko njia moja: hati iandikwe jina la dada peke yake, mkopo tubaki nao sote wawili.

Dada akanishika mkono. "Mdogo wangu, ni kwa sasa tu. Tukipumua kidogo, tuta-add jina lako."

"Dada, sisi damu moja," nikasema. "Karatasi ya nini?"

Naijutia sentensi hiyo kuliko saini yoyote niliyowahi kuweka. Niliisema kwa sauti nene, nikijipenda kwa kuisema. Kwetu, ndugu kumdai ndugu yake karatasi ni sawa na kumwita mwizi. Baada ya kujitapa vile, ningeanzia wapi kudai?

Tuliishi vizuri, nisiseme uongo. Nililipa nusu yangu kila mwezi, nikapaka rangi jikoni, nikapanda mchicha uani. Habari ya jina ilikuja na kupita. Kuliongeza nako, tuliambiwa, kulikuwa na gharama zake na ushuru wake, na kila tulipozikusanya zilipata kazi nyingine: mara paa limevuja, mara mama anafanyiwa operesheni. Dada akisema "mwakani", mimi nacheka, nasema sina haraka. Nilikuwa nayo. Nilipofyeka nyasi mbele ya nyumba ile nilijiona kibarua, halafu nikajionea aibu kwa kuwaza hivyo juu ya dada yangu.

Kisha dada akaolewa na Mtanzania mwenzetu aliyekuwa akifanya kazi ghalani huko Manassas, mtu mwema, mcheshi, na mume akahamia kwetu. Jioni moja tunakula, akaniuliza kwa heshima zote: "Shemeji, na wewe unafikiria lini kuanza maisha yako? Sikufukuzi, usinielewe vibaya. Naona tu una kazi nzuri."

Nikamtazama dada. Kumbe hakuwahi kumwambia. Nikasubiri aseme kwamba nusu ya nyumba ile ni yangu. Alikuwa akinipakulia mchuzi, akaendelea kupakua mpaka sahani ikafurika.

"Ataondoka akipata pake," akasema bila kuinua macho. "Si unajua, huku kupata si rahisi."

Sikumchukia. Nadhani aliona aibu kumwambia mume mpya jambo ambalo angepaswa kumwambia mapema, na aliamini mimi nitaelewa, kama nilivyoelewa siku zote. Lakini iliniuma, na inaniuma hadi leo.

"Ndiyo, shemeji," nikasema. "Natafuta."

Kesho yake nikaenda mjini, mtaa wa Shaw, kuulizia chumba cha kupanga.