Marehemu wa Filimbi ya Saba

Ukiita "Kambere" sokoni Butembo, watageuka wanaume wa kujaza lori. Ndilo jina la kila mtoto wa kiume wa pili, na akina mama wa huku hawana kawaida ya kuishia kwa mmoja. Kwa hiyo Kambere Lusenge aliitwa Lusenge tu, na hata hilo halikuitwa sana. Alikuwa mfyatua matofali katika bonde la chini ya mji. Alikanda udongo kwa miguu, akaujaza katika kalibu, akaanika, akachoma. Maghorofa kadhaa ya wafanyabiashara yamesimama juu ya udongo aliokanyaga yeye. Mwenyewe alikuwa amepanga chumba cha mbao.

Kitu kimoja alichomiliki hakikuwa cha udongo, nacho kilikuwa filimbi.

Filimbi hizi za kwetu, eluma, hazifanani na zile za shuleni. Kila moja ina sauti moja, na kila mtu ana filimbi moja, kwa hiyo hakuna awezaye kupiga wimbo peke yake hata awe fundi wa namna gani. Wimbo hupita mdomo kwa mdomo kama sahani ya fufu katika ukoo wenye adabu. Kikundi chao kilikuwa cha watu saba. Filimbi ya Lusenge ndiyo ilikuwa ndefu na nene kuliko zote, na ililia mara moja katika kila mzunguko, mwishoni, wenzake wakiwa wamekwisha kusema yote ya maana. Walimtania kwamba yeye ni kama Serikali: anaonekana mara moja, halafu anapumzika. Mkewe Jokébed, aliyeuza sokoni samaki wa kutoka ziwani Kyavinyonge, alisema kwamba wenzake waliolewa na wanaume, yeye aliolewa na kikohozi.

Filimbi hiyo ilikuwa ya baba yake, aliyeitoa kijijini kwao Kasugho siku ambayo watu walikimbia na kila mmoja akabeba kile ambacho mikono ilikikuta. Kikundi kilikuwa na desturi moja iliyoshikwa kuliko ibada. Mpigaji akifa, filimbi yake haipulizwi mpaka kilio kifungwe. Wengine hupiga kama kawaida, na zamu yake inapofika, wote hunyamaza. Ni kimya cha urefu wa pumzi yake, kisha wimbo unaendelea. Mtu wa ukoo akisikia kimya hicho kutoka ng'ambo ya kilima hahitaji kutangaziwa. Lusenge aliwahi kukisikia cha baba yake, na siku kilio kilipofungwa, ndiye aliyekijaza. Tangu hapo alikuwa na tamaa moja tu maishani: watu wa mbali waisikie sauti ile, hata kama ni mara moja, kwani kulia mara moja ndiyo ilikuwa kazi yake.

Basi likaja Shirika la Maziwa na Milima kwa Mabadilishano na Ushirikiano wa Mataifa. Jina lilikuwa refu hata kibao chake kikakunja kona ya nyumba. Watu waliliita kwa Kifaransa Échange, Mabadilishano tu. Lengo lake lilikuwa kuwakutanisha watu wa nchi mbalimbali, na lilitimizwa vizuri: watu wa ofisi ile walikutana na watu wa ofisi nyingine, katika hoteli, wakakubaliana kukutana tena. Aliyeliongoza ni Madame Victoire, mwanamke msomi, mchapakazi, mwenye salamu kwa kila mtu. Si yeye wa kulaumiwa kwa kila kitu. Tamasha moja la Ulaya, katika mji wenye ziwa, lilimwalika alete kikundi, likatoa nafasi saba. Filimbi zilikuwa saba. Hesabu ilipendeza mpaka mtu alipokumbuka kwamba ujumbe hausafiri bila kiongozi wa ujumbe.

Madame Victoire alikuja kusikiliza mazoezi, kalamu mkononi. Walipomaliza alimvuta pembeni Ézéchias, mkubwa wa kikundi, seremala na shemasi katika kanisa lake.

"Huyu papa wa mwisho, anapiga mara moja tu?"

Ézéchias akakubali, mara moja kila mzunguko.

"Donc, yeye ndiye atabakia. Batu habatasikia difference."

Ézéchias angeweza kumwambia kwamba hiyo ndiyo difference pekee ambayo mtu wa kwetu angeisikia. Lakini alikuwa amekwisha kupigwa picha ya pasipoti, na ilikuwa imetoka vizuri. Alisema, "Sawa, Mama."

Lusenge aliambiwa kwenye tanuri, na kikundi kizima, maana hakuna aliyetaka kumwambia peke yake. Aliuliza jambo moja: mmoja wao hawezi kubeba filimbi yake na kuipuliza pamoja na ya kwake? Wakaruka kama walioona nyoka. Kupuliza filimbi ya mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Akauliza, na kunyamaza zamu yake si kumtangaza kwamba amekwisha kufa? Ézéchias akasema kwa upole, "Bazungu habajue ile." Basi kati ya kumwitia kifo na kumtangaza amekufa, wakachagua la pili, ambalo halikuwa na mzigo wa kubeba.

Ulaya walipiga vizuri. Katikati ya ukumbi uliojaa, kimya kilikuja na kwenda, kikaja tena, na wasikilizaji wakaanza kuegemea mbele. Mwisho, msimamizi wa jukwaa aliuliza kwa nini wananyamaza pale. Ézéchias alijibu kwa Kifaransa kwamba hiyo ni nafasi ya ndugu yao Lusenge, aliyebaki. Madame Victoire alichukua kipaza sauti ili atafsiri kwa lugha ya wenyeji. Katika tafsiri yake Lusenge alibaki vilevile, ila alibaki barabarani, kati ya Beni na Butembo, na hakubaki mzima. Ukumbi mzima ulisimama. Ézéchias, ambaye alielewa lugha ile kiasi cha kutosha kuona aibu, aliona watu wanalia, akainamisha kichwa. Kutoka mbali, kichwa kilichoinama kwa aibu na kilichoinama kwa huzuni ni kichwa kimoja.

Video ilifika Beni kabla wapigaji hawajavua makoti. Keren, dada mkubwa wa Lusenge, alikuwa akianika kakao uani mwanawe alipomletea simu. Maneno ya jukwaani hakuyaelewa, lakini alisikia filimbi sita, na mahali pa filimbi ya baba yake akasikia kimya. Hakupiga simu Butembo. Nani anampigia marehemu? Alinyoa nywele, akakusanya wanawake wa ukoo, maharagwe na mikungu ya ndizi, wakapanda juu ya lori na kupita barabara ileile iliyosemekana kumuua mdogo wake, wakilia njia nzima, isipokuwa kwenye vizuizi vya askari, ambako walinyamaza ili wahesabiwe.

Walimkuta Lusenge ameingia udongoni mpaka magotini. Keren alisogea karibu.

"Kambere. Weye uko muzima?"

"Niko, yaya," alimjibu dada yake.

"Na ile kimya?"

Akamweleza. Keren aliketi juu ya rundo la matofali mabichi na kuyaharibu. Alipapasa kichwa chake kilichonyolewa.

"Nimenyoa bure," alisema.

Wanawake walishauriana kuhusu maharagwe. Kuyarudisha Beni kwa barabara ile kulikuwa upumbavu, kwa hiyo waliyapika palepale na kuwaita majirani. Lusenge hakuwahi kuona watu wengi namna ile nyumbani kwake, si harusini, si ubatizoni. Wengine walioalikwa kwa haraka walimpa mkono wa pole kabla ya kumtambua, na wawili watatu hawakuona sababu ya kuubadilisha.

Kikundi kiliporudi kilikuja na habari. Tamasha limeguswa. Litajenga Butembo nyumba ya mabadilishano, yenye ukumbi na chumba cha mazoezi, na itaitwa kwa jina la marehemu Lusenge. Wageni watakuja wenyewe kuweka jiwe la msingi, na kila mwaka ujumbe utaondoka hapa kwenda kule.

Madame Victoire alishuka bondeni kwa viatu vyake vya ofisi, na hilo peke yake lilionyesha uzito wa jambo. Alieleza kwa muda mrefu. Hakuna aliyesema uongo, mambo yalikuwa yamewatangulia watu. Kila mwezi barabara ile inakula akina Lusenge wengi ambao hakuna anayewajengea hata choo. Je, ni vibaya wakipata nyumba kupitia jina la mmoja ambaye, kwa bahati nzuri, hakuumia? Lusenge alichotakiwa ni kutoonekana tu.

"Hapana ya milele, Papa. Mpaka nyumba itapata mabati."

"Na kisha?"

"Kisha tutaona."

Lusenge alikwangua udongo mkononi. Akaomba aruhusiwe kupiga siku ya jiwe la msingi, hata nyuma ya pazia, hata asipotajwa. Wageni wasikie tu sauti yenyewe.

Madame Victoire alimweleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. "Papa, ile kimya ndiyo projet."

Siku chache baadaye Ézéchias alikuja kuchukua filimbi, kwa kuwa ilihitajika katika kabati la kioo. Alikuwa amejiandaa na neno la Biblia kuhusu mbegu inayokufa ardhini, lakini hakulihitaji. Lusenge alikuwa kwenye tanuri, na Jokébed alimkabidhi mlangoni, imefungwa katika kitambaa kile anachofungia samaki.

Jokébed alikuwa amepewa kazi. Ujumbe wowote wa heshima unahitaji mjane, naye kitambaa cheusi kilimpendeza. Lusenge alipomuuliza kama haoni haya, aliendelea kupara samaki.

"Ulipokuwa muzima, nani alikuya kuniuliza kitu? Sasa banasema, Mama Mujane, kaa hapa mbele. Banaandika jina yangu kwa ujumbe ya mwaka kesho. Nitaenda kuona ile ziwa." Alikung'uta magamba. "Weye ungekufa mapema."

Hakusema kwa hasira. Ndivyo wanavyosema sokoni mtu akichelewa kuleta mzigo.

Siku ya sherehe ukumbi wa parokia ulijaa wanafunzi waliovalishwa fulana za Échange. Lusenge aliosha miguu, akavaa kofia yake ya Jumapili, akafika mlangoni. Mlinzi alimwomba mwaliko. Alisema yeye ni mtu wa familia ya marehemu. Mlinzi akampa pole na kumwonyesha kiti nyuma kabisa.

Jukwaani ilisimama picha yake, kubwa kuliko mlango, iliyotolewa katika picha ya harusi. Kijana aliyevaa koti la kuazima kwa mpiga picha alitazama watu bila wasiwasi. Chini ya picha, ndani ya kioo, ililala filimbi. Kando yake alikaa Jokébed. Wageni walihutubia juu ya sauti za wanyonge, ambazo dunia imekataa kuzisikiliza. Kila walipotaja jina lake walilikosea kidogo, kwa heshima kubwa.

Kisha wale sita wakapiga. Kimya cha kwanza kikafika. Lusenge aliangalia magoti yake. Cha pili kikafika, na akaona kwamba wanakifanya kifupi. Pumzi ya baba yake ilikuwa ndefu kuliko ile, na ya kwake pia. Hilo ndilo lililomshinda. Kilipofika cha tatu, alifungua mdomo na kuitoa sauti ile, bila filimbi, kutoka kifuani mahali ilipokaa miaka yote: nene, chini kabisa, na kwa urefu unaostahili.

Ézéchias akakosa sauti yake iliyofuata. Wageni waligeuza shingo wakitafuta. Madame Victoire alifumba macho. Binti wa fulana ya Échange aliyekaa karibu na Lusenge alimwekea mkono begani, taratibu, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Papa, tafazali. Heshimu marehemu. Umuachie kimya yake."

Lusenge alitazama jukwaani. Jokébed alikuwa akimtazama yeye moja kwa moja, huku akifuta macho kwa leso, kama alivyofundishwa.

"Pardon," alisema Lusenge, akavua kofia.

Wimbo ukazunguka tena. Kimya cha nne kilipofika alikitunza pamoja na wengine, kofia mkononi, pumzi imezuiwa, mpaka mwisho wake wa haki, na wale sita, kwa woga, wakamngoja. Wageni walisema baadaye kwamba hicho ndicho kilichowagusa kuliko vyote.