Sikio la Kulia la Nguruwe

Pale kituo cha utafiti kila mtu alimwita Masikio, kwa kuwa alisoma mikato ya masikio ya nguruwe kama wengine wasomavyo gazeti. Mikato ya sikio la kulia ni namba ya uzao, yaani waliozaliwa pamoja. Ya kushoto ni ya nguruwe mwenyewe. Miaka kumi na tisa bandani hakuwahi kukosea, na alitaka ulijue hilo.

Yeye na daktari wa maabara walikuwa paka na panya. Mama yule alitafuta jeni za molekuli za kinga, zile ambazo chembe za damu huzitumia kuitana vijidudu vinapoingia mwilini. Kazi ya maana, nani abishe? Lakini mdomo wake, lo!

Siku ya kutoa damu alisimama mbele ya pua za nguruwe, akasoma sikio lililo upande wa mkono wake wa kulia kana kwamba ndilo la kulia. Ambalo kwa nguruwe, jamani, ndilo la kushoto!

"Daktari, samahani, hapo unasoma kinyume..."

"Mzee, yako mavi, yangu damu. Usinifundishe."

Haya. Masikio akaendelea kumshika nguruwe.

Mwezi uliofuata ikaja orodha: abaki tano-tatu, yaani wa tatu wa uzao wa tano, damu yake ina kinga ya ajabu, wengine wote wachinjwe. Masikio akaisoma mara mbili. Tano-tatu alikuwa akikohoa tangu aachishwe kunyonya! Mwenye damu ile alikuwa tatu-tano, aliyesomwa kinyume, jike aliyemlea kwa chupa, aliyebaki mzima homa ilipofagia banda. Neno moja lingemwokoa. Akaenda hadi mlango wa maabara, akamsikia daktari akicheka na wenzake: "Yule mzee wa mavi." Akageuka, akampakia tatu-tano kwenye gari la machinjioni yeye mwenyewe.

Wiki moja baadaye daktari akaja bandani mbio. Damu mpya ya tano-tatu haikuonyesha kitu.

"Yuko wapi yule niliyempima kwanza?"

"Alichinjwa. Tatu-tano. Orodha ni yako."

"Ulijua?"

"Nilikuambia, ukanitukana."

"Siku ya damu, sawa. Na siku ya gari, mzee?"

Majibu makali alikuwa nayo tele, ameyaweka akiba miezi mingi kwa ajili ya mwanamke huyu. Lakini aliona aibu, akamchukia zaidi kwa kumwonyesha aibu hiyo.

"Alipanda garini mwenyewe," akasema. "Nilimwita tu, akaja."