Sahani Ilijaa Kabla ya Radhi

Enzi za Mwingereza kulikuwa na Mhindi hapa Dodoma aliyeanza kurekodi waimbaji wetu wa Kigogo, akiuza santuri zenye chapa yake. Mdogo wetu alimwimbia wimbo wa kupatana na kaka mkubwa, waliyekuwa wamekosana, kisha akafa. Kaka akagoma kuja msibani, nikamvuta mpaka dukani kwa Mhindi ausikie.

Wimbo wa kupatana kwetu huanza kwa matusi, yatoke yote moyoni, ndipo unaomba radhi.

"Kaka mchoyo, kaka fisi," santuri ikaimba. Kaka kashika kaunta kwa mikono miwili. Mara sindano ikakwaruza, kimya.

"Geuza upande wa pili," nikasema.

"Huko mtu mwingine, dada. Sahani ilijaa, nikamkata."

"Radhi ilikuwa inakuja!"

"Mimi Kigogo sijui. Watu wanacheka, wananunua."

Kaka akavaa kofia. "Basi fisi haendi msibani." Hakwenda kweli.

Wimbo huo ndio uliompa Mhindi jina mpaka Kondoa. Kaka naye kishakufa. Harusini wajukuu zake wanaruka wakiimba babu yao fisi, wananiita, "Bibi, njoo ucheze!"